Namna ya Kumpongeza Mwalimu wa Elimu Maalumu, Bila Kumsahau Matroni Wala Mlinzi: Mwongozo kwa Wazazi wa Dar es Salaam

Kikao cha wazazi cha kufunga mwaka, miaka minne iliyopita. Bahasha za motisha ziligawiwa kwa walimu kwa hesabu ya A walizotoa kwenye mtihani. Akaitwa wa hisabati, akaitwa wa sayansi, akaitwa wa Kiingereza. Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu alikuwa amekaa benchi la nyuma, mwanangu amemlalia mapajani, naye akawapigia wenzake makofi polepole ili asimwamshe. Jina lake halikuitwa. Mwaka ule mwanangu alikuwa amejifunza kwenda chooni mwenyewe, akiwa na miaka tisa. Hakuna A ya jambo hilo.

Tangu hapo mimi na wazazi wenzangu wa kitengo tumefanya shughuli ya kuwapongeza walimu na wafanyakazi mara tatu. Ya kwanza tuliikosea sehemu nyingi. Naandika tuliyojifunza kwa ajili ya mzazi wa Mbagala, Tabata, Kimara au Kigamboni anayetamani kufanya kama sisi kwenye shule ya mwanawe. Jijini kwetu kazi hii inafanyika sehemu nyingi: Uhuru Mchanganyiko pale Ilala, Buguruni Viziwi, Sinza Maalum, Mtoni Maalum, Pugu na Jangwani kwa upande wa sekondari, na vitengo vilivyo ndani ya shule za msingi za kawaida, ambavyo hata majirani wa shule hawavijui.

Kabla ya hatua yoyote, kubalianeni jambo moja: mnapongeza utaalamu. Risala nyingi nilizosikia zinawaita walimu hawa watu wenye huruma na moyo wa pekee, watu wa Mungu. Huenda ni kweli, lakini maneno hayo yanaificha kazi. Mwalimu wa elimu maalumu amesomea. Wengi wamepita chuo cha Patandi kule Arusha, wakajifunza kufundisha wasioona, viziwi au wenye ulemavu wa akili, na hayo ni mafunzo matatu tofauti. Ukimsifia huruma peke yake, umesema kwamba mtu yeyote mpole angeweza kuifanya kazi yake. Angeshindwa.

Hatua ya kwanza: fungua daftari mwezi Januari

Kosa letu la mwanzo lilikuwa kukumbuka jambo hili Novemba. Tulikaa wazazi saba chini ya mwarobaini tukajaribu kukumbuka mwaka mzima, na kila mmoja akasema "mwalimu ni mzuri sana", basi. Siku hizi kila mzazi ana daftari dogo, au anajitumia ujumbe kwenye simu yake mwenyewe. Anaandika vitu vinne: tarehe, nani, alifanya nini, na nini kilibadilika kwa mtoto.

Ugumu ni kujua cha kuandika, maana kazi nzuri ya elimu maalumu kwa nje inaonekana kama hakuna kilichotokea. Mtoto hakukimbia, hakupaliwa, hakulia. Nitataja mambo ambayo mimi nimejifunza kuyaona.

Kwa mtoto kiziwi, angalia kama mwalimu anazungumza akiwa ameligeuzia darasa mgongo. Mwalimu anayejua kazi huandika ubaoni kwanza, kisha hugeuka ndipo anaanza kuzungumza kwa alama. Angalia pia kama anawaachia watoto wazungumze kwa Lugha ya Alama ya Tanzania wao kwa wao, au anawakatiza kila dakika.

Kwa mtoto asiyeona, angalia vidole. Nukta nundu ina nafasi sita tu za nukta kwa kila herufi, lakini kidole cha mtoto huchukua muda mrefu kuzoea kuzitofautisha. Kabla ya kumpa karatasi, mwalimu mzuri humpa mbegu, vifungo, mchanga. Ukimkuta mtoto anachambua maharage na mahindi kwa vidole mwezi mzima, usidhani anachezewa. Anaandaliwa kusoma.

Kwa mtoto mwenye ualbino, angalia dawati liko wapi. Wengi wao wana uoni hafifu na mwanga mkali unawaumiza macho, hivyo mwalimu anayejali humweka karibu na ubao na mbali na dirisha la jua, na akiandaa karatasi ya mazoezi huandika herufi kubwa. Kwa jua la Dar es Salaam, mwalimu anayehamisha gwaride la asubuhi kwenda upande wa kivuli kwa ajili ya watoto wawili amefanya kazi inayostahili mstari kwenye daftari lako.

Kwa mwenye usonji kama wangu, angalia ratiba. Mwalimu wetu alikata maboksi ya sabuni, akachora kikombe, kalamu, mpira, basi, akavipanga ukutani kwa mfuatano wa siku. Mwanangu haongei, lakini kila kipindi kikiisha anabandua picha moja na kuitia kwenye kopo. Wiki ya kwanza alizibandua zote kwa mpigo. Wiki ya sita alikuwa anasimama mbele ya ukuta akitazama kinachofuata, na vilio vya kila siku saa nne vikapungua hadi kimoja kwa wiki, pengine kisiwepo kabisa. Haya yote nimeyaandika yakiwa na tarehe.

Kwa mtoto mwenye kifafa, ulizia siku aliyoanguka. Mwalimu wa kitengo chetu alimlaza mtoto ubavu, akaondoa madawati, hakumtia kitu chochote mdomoni, na akaangalia saa, kwa sababu kifafa kikizidi dakika 5 mtoto anakimbizwa hospitali. Wakati huohuo alimtuma mwanafunzi mkubwa awatoe wenzake nje wakaimbe. Watoto wale waliporudi mwenzao alikuwa amelala kwenye mkeka kafunikwa khanga, nguo zimeshabadilishwa, na hakuna aliyemcheka.

Hatua ya pili: zunguka shule nzima

Mara ya kwanza tuliwapongeza walimu wawili. Wiki iliyofuata mlinzi wa getini aliniamkia vilevile kama siku zote, na mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama usoni.

Mlinzi huyo ndiye aliyegundua kwamba mwanangu haingii shuleni mpaka aguse geti mara tatu. Mimi nilikuwa namvuta, yeye analia, magari yanapiga honi. Siku moja mzee yule akasema, "Mama, mwache kwanza, ana salamu zake na geti." Nikamwacha. Mara tatu, kisha akaingia mwenyewe. Tangu siku hiyo wazazi wengine wenye haraka wanaambiwa wasubiri kidogo.

Kwa hiyo chukueni karatasi na muiandike shule nzima kuanzia getini hadi jikoni. Matroni wa bweni anayeamka usiku kumgeuza mtoto asiyeweza kujigeuza, ili asipate vidonda. Mpishi anayeuponda ugali na mchicha kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyetafuna vizuri, halafu anamkalisha wima, anatumia kijiko kidogo, anangoja ameze ndipo amwongeze. Dereva wa basi la shule na mlezi anayekaa nyuma na watoto. Mkalimani wa lugha ya alama. Fundi wa mtaani anayekaza bolti za kiti mwendo bila kudai hela. Mwalimu wa darasa la kawaida aliyekubali watoto wa kitengo waingie kwenye kipindi chake cha michezo, ingawa hakuna aliyemlazimisha.

Watu hawa wasio walimu mara nyingi si waajiriwa wa serikali. Wengine wanalipwa na kamati ya shule au kwa michango, kwa mkataba wa mdomo. Kwao cheti chenye muhuri wa shule kina uzito kuliko kwa mwalimu mwenye ajira ya kudumu. Matroni mmoja tuliyempongeza alitoa nakala ya cheti chake na kuiambatanisha kwenye maombi ya kazi kwenye kituo kingine. Tulimpoteza, lakini analipwa vizuri zaidi, na sijutii.

Hatua ya tatu: waulize watoto

Hapa wengi wanapita haraka. Wanadhani mtoto mwenye ulemavu wa akili au asiyeongea hawezi kuchagua. Tulipiga picha za wafanyakazi wote kwa idhini yao, tukaziprinti kubwa, tukazibandika ukutani kwa kimo cha watoto, tukampa kila mtoto kifuniko cha soda na kumwambia akibandike kwa mtu anayemsaidia. Tulirudia zoezi siku tatu tofauti, kwa sababu siku moja mtoto anaweza kufuata tu alikobandika mwenzake. Aliyepata vifuniko vingi siku zote tatu alikuwa mama wa jikoni.

Kwa watoto viziwi, msiwaulize kupitia kwa mwalimu ambaye naye ni mmoja wa wanaopigiwa kura. Tafuteni mkalimani wa nje au kijana kiziwi aliyemaliza shule. Wasioona wanaweza kuandika kura zao kwa nukta nundu, kisha asome mtu ambaye hahusiki.

Hatua ya nne: andika pendekezo

Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo inayobaki baada ya keki kuliwa. Linganisha maneno haya mawili. La kwanza ni letu la mwaka wa kwanza:

"Mwalimu huyu ni mchapakazi, anajituma usiku na mchana, ana upendo kwa watoto wote. Mungu ambariki."

La pili ni la mwaka uliofuata, kuhusu mwalimu yuleyule:

"Januari mtoto alikuwa anakimbia nje ya darasa mara nane hadi kumi kwa siku. Mwalimu alikaa wiki mbili akiandika saa ya kila tukio, akagundua kwamba mtoto hukimbia kengele inapogongwa. Akakubaliana na mwalimu wa zamu amwashirie kwanza kabla ya kuigonga, naye akamfundisha mtoto kuziba masikio kwa viganja. Kufikia Mei mtoto anakaa darasani kipindi kizima, na kengele ikigongwa anaziba masikio mwenyewe bila kukumbushwa."

Ofisa anayesoma barua thelathini atalikumbuka la pili. Mwalimu mwingine akilisoma atajifunza kitu cha kufanya kesho yake. Na mwalimu mwenyewe ataona kwamba kuna mtu aliyemtazama akifanya kazi.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Mpangilio wake ni ule wa barua zote za kiofisi:

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi …,
S.L.P. …,
Dar es Salaam.

YAH: KUMPENDEKEZA MWL. (JINA KAMILI) KUTAMBULIWA KWA UTENDAJI WAKE KATIKA KITENGO CHA ELIMU MAALUMU

Aya ya kwanza useme wewe ni nani na umemfahamu mwalimu kwa muda gani. Aya ya pili utaje kazi yake rasmi na eneo alilosomea. Aya ya tatu na ya nne zibebe matukio mawili, usizidishe matatu, kila moja likiwa na mwezi, alichofanya, na kilichobadilika. Ya mwisho useme unaomba nini hasa: atajwe kwenye kikao, jina lake lifikiriwe Mei Mosi, au barua iwekwe kwenye jalada lake. Barua isiyoomba chochote huishia kwenye droo. Mnaweza kusaini wazazi kadhaa, ila mwandishi awe mmoja, maana barua iliyoandikwa na kamati husomeka kama tangazo.

Usiandike jina kamili la mtoto pamoja na ulemavu wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi kabla hazijatumika. Hata kama sheria isingekuwepo, barua hiyo itapita mikono mingi, na mwanao atakuwa mtu mzima siku moja. "Mwanafunzi wa kitengo, miaka tisa" inatosha.

Jambo jingine: mwonyeshe mwalimu rasimu kabla hujaipeleka. Mimi niliwahi kuandika kwamba mwalimu fulani hutumia hela zake kununulia watoto dawa za kupaka. Nilidhani namsifia. Akaniomba niufute mstari huo kwa sababu mumewe alikuwa hajui. Niliufuta.

Hatua ya tano: ipeleke panapostahili, na kwa wakati

Shule ya msingi inaongozwa na mwalimu mkuu na ina kamati ya shule. Sekondari ina mkuu wa shule na bodi. Anza hapo siku zote, hata kama hamuelewani. Ukiruka ngazi, mwalimu unayemtetea ndiye atakayeulizwa kwa nini wazazi wake wanakwenda juu bila taarifa. Barua ya kwenda halmashauri iandikwe "Kupitia kwa Mwalimu Mkuu", nakala kwa Afisa Elimu Kata. Ikifika halmashauri, iwe Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, ulizia dawati la afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Nenda na nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri ule, ukirudi baada ya mwezi utaambiwa barua haikuonekana, na hutakuwa na la kujibu.

Siku hizi utendaji wa mtumishi wa umma unapimwa kwa mfumo wa PEPMIS. Barua yenye tarehe na mabadiliko yanayoonekana inampa mwalimu kitu cha kumwonyesha msimamizi wake. Ndiyo sababu nyingine ya kuandika matukio badala ya sifa.

Kuhusu tarehe: Mei Mosi ndiyo siku ambayo wafanyakazi hodari hutambuliwa nchi nzima, lakini majina huanza kupendekezwa kazini wiki kadhaa kabla. Barua ikifika Aprili mwishoni, imechelewa. Ipeleke Machi. 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu 1994, na wakati huo mtihani wa darasa la saba huwa umeshapita, kwa hiyo shule inapumua kidogo. Sisi tunaipenda siku hiyo. 3 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, ila shule huwa ziko ukingoni mwa kufunga na watoto wa bweni wanafungasha. Kwa shule ya viziwi, 23 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, inafaa sana. Kwa wasioona kuna 15 Oktoba, siku ya fimbo nyeupe.

Hatua ya sita: zawadi na hela

Mwalimu wa shule ya serikali ni mtumishi wa umma, na tuna Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Zawadi ya shukrani haina ubaya ikitolewa hadharani, na wengi, mwalimu mkuu akijua, bila kuambatana na ombi lolote. Bahasha inayopenyezwa mkononi mwa mwalimu wiki moja kabla ya kupanga nafasi za bweni ni kitu kingine kabisa, hata kama moyoni ulikuwa na nia njema. Usimweke mwalimu kwenye mtihani huo.

Msichangishe kwa jina la shule. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, michango shuleni ni jambo linaloangaliwa kwa makini, na mwalimu mkuu ndiye atakayewajibishwa. Changeni ninyi wazazi kwa hiari, mweke mweka hazina wenu, muandike kila shilingi, mumpe mwenyekiti wa kamati ya shule nakala ya hesabu. Mzazi asiye na kitu asitajwe wala asitengwe. Anaweza kuja kupika.

Mwaka wa kwanza tulikuwa wazazi 14, kila mmoja akatoa 5,000. Ile 70,000 ilitosha vyeti vya walimu wawili pamoja na fremu, maandazi na juisi ya ukwaju. Mwaka uliofuata tukaongeza doti ya khanga kwa akina mama, na tukazichagua kwa kusoma maneno yake, maana khanga ya mafumbo ya uke wenza si ya kumpa matroni mbele ya watu.

Kama mna kidogo zaidi, muulizeni mwalimu anahitaji nini darasani, ila hicho kiwe juu ya zawadi yake, kisiwe badala yake. Rimu ya karatasi nzito za nukta nundu ni mali ya darasa. Ukimkabidhi mwalimu na kumwambia "hii ndiyo zawadi yako", umempa kazi zaidi. Mpe yeye kitu cha kwenda nacho nyumbani, na darasa lipate chake.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Shughuli yetu ya kwanza tulikodi spika kubwa. Muziki ulipowashwa, watoto wetu watano waliziba masikio, wawili wakakimbilia chooni, na mmoja wa walimu tuliokuwa tunawapongeza akatumia nusu saa ya sherehe yake akimtuliza mtoto nyuma ya darasa. Cheti chake kikapokelewa na mwenzake.

Tangu hapo hatutumii spika kwenye kitengo. Tunaanza saa tatu asubuhi, kabla ya joto, chini ya mti au darasani madirisha yakiwa wazi, na tunamaliza ndani ya saa moja. Kuna mkeka pembeni kwa mtoto anayehitaji kujitenga, na mzazi mmoja amepangiwa kukaa hapo. Watoto wanaonyeshwa siku moja kabla, kwa picha, kwamba kesho kutakuwa na wageni.

Pakiwa na kiziwi hata mmoja, mtoto au mfanyakazi, mkalimani asimame karibu na msemaji, mwanga ukimpiga usoni na usitoke mgongoni mwake. Makofi yapigwe kwa kuinua mikono juu na kutikisa viganja. Ni kitu kizuri kukiona, uwanja mzima wa viganja vinavyocheza hewani, na watoto wenye usonji hawashituki. Mwalimu asiyeona apewe cheti kilichochapwa pia kwa nukta nundu. Mwalimu mwenzake wa kitengo anaweza kukichapa kwa mashine kwenye karatasi nzito. Mwaka jana tulimkabidhi mmoja cheti chake, akapitisha kidole juu yake akasoma jina lake kwa sauti kabla MC hajalitaja.

Mgeni rasmi awe mtu mmoja na aelezwe mapema kwamba ana dakika tano. Kinachosomwa ni lile pendekezo, na yale matukio mawili. Wazazi wa madarasa ya kawaida waalikwe pia, kwa sababu wao ndio wanaohitaji kusikia. Mama mmoja ambaye mtoto wake yuko darasa la tatu la kawaida alinifuata baada ya shughuli, akaniambia alikuwa akidhani kitengo ni mahali pa kuwalinda tu watoto wasizurure.

Kuhusu picha, ulizeni kila mzazi kwa maandishi kabla ya siku. Watoto ambao wazazi wao hawakukubali wavae utepe wa rangi moja mkononi, mpiga picha ajue asiwapige. Na hata kwa waliokubali, msimpange mtoto mbele ya jukwaa aonyeshe alivyokuwa hawezi na sasa anaweza. Mtoto hajaja kufanyiwa maonyesho. Akitaka mwenyewe kumpelekea mwalimu ua, mwacheni aende.

Hatua ya nane: baada ya hapo

Wiki moja baadaye rudi ofisini uhakikishe nakala ya pendekezo imeingia kwenye jalada la mwalimu. Walimu huhamishwa, na mwalimu mkuu mpya hatajua lolote isipokuwa lililoandikwa. Mfanyakazi asiye wa serikali mpe nakala mbili zenye muhuri, azihifadhi mwenyewe kwenye bahasha ya plastiki.

Ambao hawakutajwa mwaka huu wataumia, hasa kwenye kitengo chenye walimu watatu tu. Hatujapata dawa kamili ya hilo. Tunachofanya ni kumwandikia kila mfanyakazi wa kitengo barua fupi ya mistari mitano, yenye tukio lake moja la mwaka huo, na kumkabidhi mkononi bila sherehe. Msaidizi wa jikoni ambaye hajui kusoma alituomba tumsomee yake. Tukamsomea mara mbili, kisha akaikunja akaitia kwenye kibindo cha khanga yake na kuendelea kuchambua mchele.

Na anayeondoka katikati ya mwaka msimsubirishe Oktoba. Mwalimu wa kwanza wa mwanangu alipata uhamisho Julai, tukapewa taarifa ya siku nne. Tulikosa muda wa cheti. Tuliandika pendekezo lake usiku, likapigwa muhuri asubuhi, na mwanangu akambandulia picha ya basi kutoka ukutani, akampa.